Kuongeza Soketi Chumbani: Ukuta Una Kipimo Chake



Kuna swali ambalo huniijia mara nyingi katika matawi ninayotembelea, kwenye mashamba ya miwa, ya chai na viwandani. Haliulizwi ndani ya mkutano. Huulizwa nje, ajenda zikiisha, watu wakiwa wamesimama barazani wakingoja mvua ipite, kwa sababu mwenye kuuliza hudhani si jambo la chama. Husema: "Chumba changu kina soketi moja tu. Watoto wamekua, vitu vimeongezeka. Je, naweza kuongeza nyingine?"

Somo la toleo hili ni jibu la swali hilo. Inawezekana, lakini soketi mpya haileti umeme mpya. Inakula katika sahani ile ile ya soketi ya zamani. Sahani hiyo ni waya ulio ukutani, na waya una kipimo chake.

Kwanza niseme wazi kwamba mimi si fundi wa umeme. Niliishia darasa la saba, nikaanza kazi kiwandani kwa kubeba magunia. Haya ninayoandika nilifundishwa na fundi wa karakana yetu, na alinifundisha baada ya mimi kufanya kosa. Nitalieleza kosa lenyewe, maana najua wako wengi wanaolifanya hadi leo.

Mwaka 2004 tulikuwa tunaishi kambini, vyumba vya mstari mmoja, kila chumba na balbu moja. Jirani yangu alinunua pasi ya umeme, lakini chumba chake hakikuwa na soketi hata moja. Mimi nilikuwa nimewahi kumwona mtu akivuta umeme kutoka kwenye taa, nikajiona nimehitimu. Nikachukua ule waya mwembamba wa nyuzi mbili zilizosokotwa, nikauunga pale juu balbu inapofungwa, nikauteremsha ukutani kwa misumari, chini nikafunga soketi ya matundu matatu. Matundu mawili ya chini nikayapa nyaya zangu mbili. Tundu la juu nyuma yake hapakuwa na kitu. Redio ikaimba, pasi ikapata moto, nikanunuliwa soda.

Wiki mbili hazikuisha. Kamba ya ile pasi ilikuwa imechubuka pale inapoingia kwenye mpini, na waya wa ndani ukagusa chuma. Mke wa jirani alikuwa ametoka kupiga deki, sakafu ya saruji ingali mbichi, naye miguu mitupu anapiga pasi sare ya shule ya mtoto. Umeme ukamshika. Wale waliowahi kushikwa wanajua kwamba mkono haufunguki, unakaza wenyewe. Alipoanguka alivuta kamba, na plagi ikachomoka kwa sababu soketi yangu ilikuwa haikufungwa vizuri. Yaani kilichomwokoa ni ubovu wa kazi yangu. Kovu katika kiganja chake ninaliona kila tunapoamkiana.

Jioni fundi wa karakana alikuja kutazama. Hakunigombeza. Aliifungua ile soketi, akaweka kidole nyuma ya tundu la juu, akaniuliza, "Hili umelifunga wapi?" Sikuwa na jibu. Ndipo masomo yakaanza.

NYAYA TATU

Soketi tunazotumia hapa Uganda, sawa na ndugu zetu wa Kenya, ni za mtindo wa Uingereza. Nyuma yake hufika nyaya tatu. Wa kwanza ni waya wa moto, ndio unaoleta umeme wenye nguvu ya volti 240. Wa pili ni nyutro, ndio unaourudisha. Wa tatu ni ethi, nao katika siku za kawaida haupitishi kitu. Umelala. Kwa sababu umelala, watu hudhani hauna kazi na fundi wa bei nafuu huuacha.

Kazi ya ethi huonekana siku ya shari. Ikiwa chuma cha pasi, jiko au friji kimefungwa kwenye ethi, basi waya wa moto ukigusa chuma hicho umeme hukimbilia ardhini kwa wingi mno, fyuzi inakatika mara moja, na wewe unashangaa tu kwamba pasi imezima. Ikiwa ethi haipo, fyuzi haioni ubaya wowote. Chuma kinabaki na volti 240, kimya, kikimngoja mtu. Atakayekigusa akiwa amesimama juu ya sakafu mbichi, yeye ndiye anakuwa ethi.

Wengine watasema, "Lakini kuna fyuzi." Tuchukue hesabu ndogo. Balbu ya zamani ya wati 60 hupitisha robo ya ampea. Mkondo wa sehemu tatu tu za mia za ampea, yaani kama sehemu moja ya nane ya balbu hiyo, mwilini ni hatari tayari, na ukizidi kidogo moyo unaweza kupoteza mpigo wake. Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13. Itakuwa imekaa salama salimini huku mtu amekwisha kufa. Fyuzi hulinda waya. Haimlindi mtu.

Kinachomlinda mtu, pamoja na ethi, ni swichi maalumu inayofungwa kwenye sanduku la fyuzi, ambayo mafundi huiita kwa herufi RCD. Hiyo hupima umeme unaotoka na umeme unaorudi. Vikitofautiana kwa ile hesabu ya sehemu tatu za mia za ampea, inajua kuna unaopotelea pengine, labda katika mwili wa mtu, nayo inakata katika muda usiozidi sehemu tatu za kumi za sekunde. Ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila baada ya miezi michache. Ikiwa haikati, haifanyi kazi.

Jambo jingine la tundu la juu. Ndugu zetu waliotoka Rwanda, Burundi na Kongo wamezoea plagi ya miguu miwili ya mviringo. Wakifika hapa nayo, huchokonoa tundu la ethi kwa kalamu au kijiti ili vile vifuniko vya ndani vifunguke, kisha huisukuma plagi kwa nguvu. Hata Waganda wenyewe wanafanya, tena sana, kwa ajili ya chaja za simu. Vifuniko vile viliwekwa ili mtoto asiingize msumari. Ukivizoesha kalamu vinalegea, na plagi isiyokaa sawasawa hupata moto. Nunua plagi inayofaa, au kigeuzi kizuri, si ghali kuliko nyumba.

HESABU KABLA YA BISIBISI

Kila chombo cha umeme kimeandikwa wati zake, chini au nyuma. Chukua wati, gawanya kwa 240, utapata ampea. Pasi ya wati 1000 inakula ampea 4 na kidogo. Birika la wati 2000 linakula 8 na kidogo. Jiko la koili la wati 1500 linakula 6 na robo. Televisheni ya wati 80 haifiki hata nusu ampea, na simu inayochajiwa si kitu. Kwa hiyo wasiwasi wetu usiwe juu ya redio na simu. Wasiwasi uwe juu ya vitu vinavyotoa joto: pasi, birika, koili, hita.

Sasa tutazame ukutani. Waya wa taa kwa kawaida una unene wa milimita mraba 1.5, na unalindwa na fyuzi ya ampea 5 au kikata umeme cha ampea 6. Tano mara 240 ni wati 1200. Ndiyo kusema pasi moja na taa zake zimeshaujaza. Hapo utaona kosa langu la mwaka 2004 lilikuwa na sura mbili: sikuweka ethi, na nilitundika pasi kwenye waya wa taa, tena kwa waya mwembamba kuliko huo. Mtu atasema, "Mimi nitachaji simu tu." Leo, ndiyo. Lakini soketi ikishakuwa ukutani haina mlinzi. Shemeji akija kutembea na birika lake hataomba kwanza historia ya waya.

Waya wa soketi ni wa milimita mraba 2.5. Ukiwa ni mstari mmoja unaotoka kwenye sanduku na kuishia soketi ya mwisho, hulindwa kwa ampea 20, yaani wati 4800. Pasi, birika na koili za mfano wetu vikiwaka pamoja ni wati 4500. Vimeingia, lakini mlango umefungwa nyuma yao.

Nyumba nyingine zimefungwa namna ya pete: waya wa 2.5 unatoka kwenye sanduku, unapita soketi zote, halafu unarudi kwenye sanduku lile lile, na pete nzima inalindwa kwa fyuzi ya ampea 30 au kikata cha 32. Mtindo huu ulibuniwa Uingereza wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, walipokuwa wakipanga ujenzi wa baada ya vita na shaba ilikuwa haba. Umeme ukipita njia mbili, waya mwembamba unatosha. Ndiyo maana pia plagi zetu zina fyuzi ndani, kufuatana na kipimo kilichotangazwa kule mwaka 1947: fyuzi ya sanduku ni kubwa mno kulinda kamba ya redio, kwa hiyo kila kamba inabeba fyuzi yake. Tumerithi mtindo huo bila kuambiwa sababu.

Pete ina siri moja mbaya. Ikikatika mahali fulani, kila soketi inaendelea kufanya kazi kama kawaida, kwa kuwa umeme unafika kwa upande mmoja uliobaki. Hakuna atakayejua. Lakini sasa waya mmoja unabeba mzigo wa wawili, na fyuzi ya 30 inautazama tu. Kwa sababu hiyo mtu asiongeze kitu kwenye pete kabla haijapimwa kama imekamilika. Kifaa cha kupimia kinahitajika, macho hayatoshi.

Kuna sheria ya joto ambayo fundi wetu alinifanya niikariri. Ukizidisha mkondo mara mbili katika waya ule ule, joto halizidi mara mbili, linazidi mara nne. Ukizidisha mara tatu, joto ni mara tisa. Ndiyo maana waya ambao jana ulikuwa vuguvugu leo unaweza kuyeyusha ngozi yake kwa sababu ya birika moja tu lililoongezwa.

Na hapa nataja tabia ambayo nimeiona katika kila kambi bila kubagua. Fyuzi ya waya inakatika. Mtu anachukua uzi wa shaba kutoka kamba ya zamani, anaukunja mara mbili, anaufunga. Waya halali wa fyuzi ya ampea 5 una unene wa milimita 0.2 tu, kama unywele wa mkia wa ng'ombe. Ule alioweka yeye unaweza kubeba ampea 30 au zaidi bila kukatika. Anasema ameponya umeme. Kumbe amehamisha fyuzi kutoka kwenye sanduku akaiweka ndani ya dari, maana sasa kitakachokatika kwanza ni waya wenyewe, pale ulipo karibu na mbao.

Waya wa kurefusha, ule wenye matundu manne au sita, nao ni vilevile. Matundu sita hayana umeme mara sita. Yote yanapita katika plagi moja ya ampea 13, yaani wati 3120 basi. Ukichomeka zile wati 4500, karibu ampea 19, fyuzi ya 13 haitakatika papo hapo. Inaweza kuvumilia muda mrefu huku kamba inachemka. Ikiwa kamba hiyo imezungushwa kama kamba ya ng'ombe, au imepitishwa chini ya mkeka na godoro, joto halina pa kutokea. Na kuchomeka waya wa kurefusha kwenye waya mwingine wa kurefusha, hilo tuliache kabisa.

NJIA ZA KUONGEZA

Iliyo nyepesi kuliko zote ni kuondoa soketi ya tundu moja na kuweka ya mbili mahali pale pale. Hakuna waya mpya. Hesabu ya ukuta haikubadilika, ila umeondoa ule mkia wa kurefusha sakafuni. Kwa chumba kimoja cha kupanga, kile Waganda wanachokiita muzigo (na jina hilo kwa Kiswahili nalo linafaa), mara nyingi hii inatosha.

Njia ya pili ni kutoa tawi: waya wa 2.5 wenye nyaya tatu kutoka nyuma ya soketi iliyopo kwenda mahali papya. Ikiwa ni saketi ya pete, tawi moja libebe soketi moja, ya tundu moja au mawili, basi. Usitoe tawi juu ya tawi. Katika chama matawi mengi ni nguvu, lakini katika umeme sivyo. Hakikisha pia kwamba soketi unayotoa si yenyewe tawi la nyingine; kuona nyaya mbili nyuma yake si uthibitisho, fundi apime.

Njia ya tatu ni saketi mpya kutoka kwenye sanduku, yenye fyuzi yake. Kama unapika kwa koili kila siku, njia ni hii. Inagharimu zaidi, na mimi naona ndiyo ya haki kwa jiko.

Mahali pa kuweka soketi pafikiriwe. Isiwe nyuma ya kitanda, kwa kuwa blanketi na plagi yenye joto ni maadui. Isiwe karibu na sinki wala bafuni. Isiwe chini sana katika nyumba ambayo mvua kubwa huingiza maji. Waya uende wima au ulale sawa kutoka kwenye soketi, usikate ukuta kwa mshazari, ili atakayepiga msumari wa kalenda miaka kumi baadaye aweze kukisia ulipo. Kama nyumba ni ya mabati, waya unaopita kwenye tundu la bati uvalishwe mpira au paipu. Ukali wa bati hukata ngozi ya waya polepole kila upepo unapotikisa, na siku moja ukuta mzima unakuwa na umeme. Mvua ikinyesha, anayeegemea nje anashikwa.

Kabla ya kugusa kitu, umeme uzimwe kwenye swichi kuu. Fyuzi ing'olewe itiwe mfukoni mwa yule anayefanya kazi, si mezani. Sisi tunaijua kanuni hii: hakuna anayeingia katika mashine ya kukamua miwa kabla ya kufuli na kadi kuwekwa. Nyumbani tunaisahau. Kisha tesita ijaribiwe kwanza mahali penye umeme ili tujue ni nzima, halafu kwenye soketi inayofunguliwa, halafu tena mahali penye umeme. Tesita iliyokufa husema kila waya ni salama.

Rangi za nyaya zimewaua watu. Katika nyumba za zamani waya wa moto ni mwekundu, nyutro ni mweusi, ethi ni kijani au haina ngozi. Katika waya mpya moto ni kahawia, nyutro ni bluu, ethi ni kijani na njano. Chumba kilichoongezwa mara mbili kinaweza kuwa na zote. Na aliyetangulia huenda alitumia rangi aliyokuwa nayo. Amini kipimo, usiamini rangi.

Skrubu zikazwe. Waya uliolegea hutoa cheche ndogo, kisha joto, kisha plastiki ya soketi inageuka rangi ya chai na kunuka. Ukisikia harufu hiyo usingoje mwisho wa mwezi. Waya ununuliwe wenye alama ya Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, maana uko waya wa rangi nzuri ambao ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu. Ukiukwangua kwa kisu unaona weupe.

Kazi ikiisha, ethi ijaribiwe. Kuna plagi ndogo yenye taa tatu inayoonyesha kama ethi ipo na kama nyaya hazikubadilishana. Tawi likinunua moja, litazunguka kambi nzima. Lakini haionyeshi kama ethi ni nzuri kiasi gani. Kwa hilo kuna kipimo cha fundi. Tena ile fimbo ya ethi nje ya nyumba mtu aitazame. Waya wake ni shaba, na shaba inauzika. Nimeona mstari wa vyumba kumi na viwili ambao ethi yake ilikatwa na wezi, na hakuna aliyejua kwa sababu taa zote ziliendelea kuwaka.

Nani afanye kazi hii? Kubadilisha hesabu ya saketi, kutoa tawi, kufunga saketi mpya, hiyo ni kazi ya fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ERA. Mwulize akuonyeshe kibali. Nimeandika hatua hizi ili usimame pale ukitazama na kuuliza kama mtu anayejua, kama tulivyouliza hesabu za mishahara mpaka karani akazoea.

NYUMBA NI YA NANI?

Baada ya kile kisa, nilimpelekea meneja wa nyumba ombi la soketi moja kwa kila chumba. Sitataja mahali. Alinijibu kwamba umeme ni wa kampuni ya umeme. Si kweli, na yafaa kila mjumbe wa wafanyakazi ajue mpaka ulipo. Msambazaji huishia kwenye mita. Umeme Limited ilisambaza umeme nchini kuanzia mwaka 2005 hadi mwisho wa Machi 2025, kisha UEDCL ya serikali ikaichukua kazi hiyo, lakini mpaka haukuhama. Nyaya za baada ya mita ni za mwenye nyumba. Kambini mwenye nyumba ni mwajiri.

Vyumba vingi vya kambi vilijengwa wakati mfanyakazi alihesabiwa kuwa mtu wa balbu moja. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, linaloitwa Nalubaale sasa, lilifunguliwa mwaka 1954, na mashine zilipata umeme mapema kuliko vitanda vyetu. Hata Mkataba namba 110 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1958, unaohusu wafanyakazi wa mashamba makubwa, unapozungumzia nyumba unataja vifaa vya ujenzi, ukubwa wa chumba, hewa, baraza, mahali pa kupikia, kufulia na kuwekea vitu, maji na vyoo. Umeme haumo. Kwa hiyo usipoandikwa katika mapatano yetu wenyewe na mwajiri, hautaandikwa mahali pengine.

Kuandika tu "umeme" hakutoshi. Tulipoandika hivyo katika mapatano ya kwanza niliyoshiriki, tulipewa balbu mpya. Yaandikwe mambo yanayohesabika: soketi ngapi kwa chumba, ethi iliyopimwa, RCD katika kila sanduku, fundi mwenye kibali akague mara ngapi na karatasi ya ukaguzi ibandikwe wapi. Na iandikwe kwamba mfanyakazi aliyeripoti soketi iliyoungua hatakatwa mshahara kwa "kuharibu mali". Bila kifungu hicho watu huificha soketi mbovu nyuma ya pazia, nami siwalaumu.

Ikitokea mtu ameshikwa, usimshike kwa mikono. Zima swichi kuu kwanza. Kama iko mbali, msukume kwa ubao au mpini mkavu, ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu. Kama hapumui, wanaojua kukandamiza kifua waanze papo hapo, wengine waite gari. Moto wa umeme usimwagiwe maji kabla umeme haujakatwa.

KAZI YA TAWI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mmoja aandike vyombo vyote vya chumbani mwake na wati zake, ajumlishe vile vinavyoweza kuwaka pamoja saa moja ya jioni, agawanye kwa 240. Kisha aulize ukuta wake umelindwa kwa ampea ngapi. Asiyeweza kusoma maandishi ya nyuma ya birika asaidiwe na mtoto wake wa shule.

Mjumbe wa kila mstari ahesabu vyumba ambavyo tundu la juu la soketi halina waya, vyumba vyenye soketi zilizobadilika rangi, na masanduku ambayo fyuzi yake imekunjwa kwa waya wa kawaida. Aandike namba ya chumba tu, bila jina la mwenye chumba.

Mjadala: Mwenzenu ana chumba cha kampuni chenye soketi moja na saketi ya ampea 20, iliyo pamoja na vyumba viwili vya jirani. Anataka kuongeza soketi kwa jiko la koili la wati 2000. Jirani wa kwanza ana birika la wati 2000, wa pili ana pasi ya wati 1000. Fanyeni hesabu. Halafu semeni: ni yeye azuiwe kupika, au ni waya ubadilishwe, na nani alipe?